Zima maiki yake, si yako

Kwenye skwadi yetu ya PUBG Mobile, mchezo wa vita wa kwenye simu, mimi si mlengaji. Mimi ni masikio. Watu mia moja wanaruka kutoka kwenye ndege, ramani ya Erangel ina kilomita nane kwa nane, na ukishatua mchezo unakuwa wa kusikia kuliko kuona: viatu vinavyokanyaga ghorofani, mlango uliofunguliwa na asiye wenu, gari linalozimwa nyuma ya kilima kabla hujamwona dereva. Navaa hedifoni zangu za bei ya chini nilizonunua Mwanga sokoni, nasikiliza, nasema, "Wawili, kulia, mlimani." Wenzangu watatu wanageuka. Huo ndio mchango wangu, na ndio uliotufikisha renki ya Ace, ambayo juu yake kileleni kabisa wapo Conqueror, wale mia tano bora wa seva. Huko hatujafika na sidhani kama tutafika, maana pingi, yaani ucheleweshaji wa intaneti, ya Kigoma ni ya Kigoma.

Natanguliza hilo ili mtu aelewe kwa nini ushauri wa "dada, si uzime tu maiki" ulinikera kila nilipopewa baada ya kulalamikia matusi ya kwenye gemu.

Mchana mimi ni wakala wa kutoa na kuweka pesa, hapo hapo Mwanga. Wateja wangu wengi ni watu wa dagaa wanaopanda kutoka Kibirizi, na kina mama wa mawese kutoka Ujiji. Usiku, hesabu ikishafungwa na watoto wa dada yangu wakishalala, nacheza. Umri wangu ni wa kuamkiwa shikamoo na karibu wote ninaocheza nao. Wa kudumu ni watatu: mdogo wangu wa kiume, fundi simu mmoja wa Gungu, na mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa Tabora, ambaye tangu ahamishwe tunaonana kwenye skrini tu. Tukiwa wanne hao, maiki ziko wazi na hakuna shida. Shida ni usiku ambao mmoja amekosa bando, gemu ikatujazia mtu tusiyemjua.

Matusi yana mpangilio wake, nimeusikia hadi naweza kuutabiri. Neno langu la kwanza likitoka, kimya. Halafu, "Oya, humu kuna demu." Halafu maswali: uko wapi, umeolewa, tupe namba. Nikisema tucheze kwanza, sauti inabadilika, naambiwa nikapike. Tukishinda, yeye ndiye aliyenibeba. Tukishindwa, mimi ndiye mkosi. Nikimwangusha adui aliyemshinda yeye, basi anayeshika simu ni mume wangu, au natumia haka, programu ya kudanganyia. Wapo wanaovuka maneno. Guruneti la mwenzako linaua sawa na la adui, na nimeshauawa nalo nikiwa nimepiga magoti namwinua mtu mwingine. Wapo wanaochukua gari na kukuacha nje ya zoni, yaani eneo salama, ukizimika taratibu huku wao wanacheka.

Wageni hawanisumbui. Kwenye seva ya Ulaya au ya Mashariki ya Kati unakutana na Mturuki, Mmisri, Mrusi, na tusi usilolielewa halikunyimi usingizi. Anayejua pa kupiga ni Mtanzania mwenzako. Mimi ni Muha, baba yangu mtu wa Kasulu, na l na r za ndimi zetu hazikai mbali, nikiharakisha, "wawili mlimani" inatoka "wawiri mrimani." Hiyo inatosha. Naitwa Mrundi, mkimbizi, mtu wa mwisho wa reli. Hilo la mwisho halinipati, maana twajiita hivyo wenyewe kwa majivuno. Reli ya kati ilifika ziwani mwaka 1914 na haikuwa na pa kwenda tena. Hilo la Mrundi ndilo linaloingia. Mkoa huu umepokea wakimbizi miaka na miaka, kambi ya Nyarugusu iko hapo Kasulu tangu 1996, na sisi wenyeji tumezoea kuulizwa babu alizikwa wapi kila tunapofuatilia karatasi yoyote. Kijana wa Dar es Salaam anayelitamka kwenye gemu anadhani ni utani wa Simba na Yanga. Hajawahi kuambiwa ashuke kwenye basi ajieleze kwa sababu ya lafudhi.

Sasa makato. Kazi ya uwakala imenizoesha kuuliza swali moja kwa kila muamala: anayekatwa ni nani, mtumaji au mpokeaji? Nilipoanza kuwaeleza watu yanayonikuta, kila ushauri niliopewa ulikuwa na makato yake, na yote yalikuwa upande wangu. "Puuza tu, ni watoto." Kupuuza nako ni kazi, nusu ya masikio inatafuta nyayo, nusu inajizuia isisikie tusi linalopita kwenye hedifoni ile ile. "Weka jina la kiume." Jina linanificha hadi nitakapofungua mdomo. "Zima maiki." Hilo nilikwenda nalo msimu mzima. Kwenye simu una vidole gumba viwili, kimoja cha kutembea, kingine cha kulenga. Ukiandika ujumbe umeweka bunduki chini. Gemu ina maneno yake ya haraka yaliyotayarishwa, adui mbele, nahitaji risasi, lakini hayasemi ghorofa ya ngapi wala mlango upi. Skwadi ikashuka renki. Mdogo wangu akawa anauawa na watu ambao mimi nilikuwa nimeshawasikia. Na wale watukanaji? Walibaki na maiki zao, sauti zao na renki zao. Ushauri wa mwisho, "acha kucheza," huo ni makato ya asilimia mia, na cha ajabu ndio unaotolewa kwa upole kuliko yote, hasa na mashangazi.

Fundi ndiye aliyenidokezea habari za Kim Se-yeon, msichana wa Korea Kusini anayejulikana kwenye Overwatch, mchezo wa kulengana wa kompyuta, kwa jina la Geguri, nikaenda kuzisoma mwenyewe. Mwaka 2016 alikuwa analenga vizuri kiasi kwamba wachezaji wa timu pinzani walimtuhumu kutumia programu ya kulengea. Akaingia studio akacheza moja kwa moja mbele ya kamera, mkono wake na kipanya vikionekana, na ulengaji ukawa ule ule. Waliomtuhumu wakaachia ngazi. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Shanghai Dragons, akawa mwanamke wa kwanza kwenye Ligi ya Overwatch. Fundi alinisimulia hayo kama ushindi, na ni ushindi. Mimi jicho langu lilikwenda kwenye gharama. Tuhuma haikumgharimu mtu chochote kuitoa. Kuifuta ilihitaji studio nzima. Mvulana mwenye mkono kama ule angeombwa awafundishe wengine.

Yangu ni madogo kuliko hayo, ila yalinikuta mlangoni.

Namba yangu ya kazi imeandikwa kwenye ubao nje ya kibanda, kwa rangi nyekundu, kubwa, kwa sababu biashara ndivyo inavyotaka. Usiku mmoja, baada ya mechi iliyokwisha vibaya, kijana tuliyejaziwa alisema kwenye maiki kabla hajatoka, "Nakujua wewe. Si wa pale Mwanga?" Kesho yake picha ya ubao wangu ilikuwa inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wachezaji, na chini yake maneno ambayo siyarudii, kwa ufupi kwamba usiku natoa huduma nyingine. Simu zikaanza. Mwanza, Shinyanga, hadi namba za Kongo. Wengine walikuwa na adabu ya kushangaza: "Samahani dada, nimeambiwa ni wewe?" Hao ndio walionichosha zaidi, kwa sababu mtu mstaarabu huwezi kumkatia simu bila kumweleza, na kumweleza ni kuyarudia.

Ushauri ukaja tena, ule ule kwa nguo nyingine: badilisha namba. Namba ya wakala ndiyo duka lenyewe. Wavuvi wanaijua kwa kichwa. Mtu yuko Kibirizi amelowa hadi magotini, hatafuti ubao, anapiga.

Nilichofanya kwanza ni kukusanya, kabla ya kulia na kabla ya kujibu. Skrinshoti za magrupu zikionyesha tarehe na namba iliyotuma. Orodha ya waliopiga na saa walizopiga. Rekodi ya mechi yenyewe, ambayo ilikuwepo kwa bahati tu: mdogo wangu hurekodi skrini ili apate vipande vya kujisifia. Vyote nikavituma kwenye barua pepe yangu siku hiyo hiyo, kwa sababu WhatsApp inamruhusu aliyetuma kuufuta ujumbe kwa wote, na akishaufuta atakuapia hajawahi kuuandika. Nikamwomba pia mtu mmoja aliyekuwa ndani ya grupu asitoke kwa hasira. Huruma ya wenzangu ilikuwa ya namna hiyo, kila mmoja alitaka kutoka kwenye grupu kuonyesha yuko upande wangu, na kila anayetoka alikuwa anaondoka na shahidi.

Sauti niliitambua mchana. "Shikamoo dada, naomba nitoe elfu kumi." Ilikuwa dirishani pangu. Nikamwitikia marahaba, nikamtolea elfu kumi yake, nikamhesabia mara mbili kama kawaida, akashukuru akaenda. Jina lake sikulihitaji kutoka kwenye muamala, na hata ningelihitaji nisingelitumia. Taarifa za mteja ni za mteja. Kijana mwenyewe namjua. Mama yake anauza mawese Ujiji, na pesa zake za mzigo anaziweka kwangu.

Riot Games, kampuni yenye mchezo wa League of Legends, waliwahi kuchunguza lugha chafu kwenye mchezo wao wakakuta kwamba sehemu kubwa haitoki kwa wale wachache sugu. Inatoka kwa wachezaji wa kawaida, ambao siku nyingi hawana tatizo na mtu. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililiona kama namna ya kuwatetea. Baada ya ile elfu kumi nilielewa. Nilikuwa nimemtengeneza mtu wangu kichwani, mwenye macho mekundu, kumbe ni kijana anayesema naomba. Jambo hilo lilibadilisha hatua zangu zaidi ya hisia zangu: mtu sugu unamfungia, lakini mtu wa kawaida ana mama, ana mjomba, ana jina mtaani, na hivyo vyote ni vitu anavyoogopa kuvipoteza.

Sheria ipo, na nilikuwa nimeshaisoma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sikuanza nayo. Nilijua milioni tano hiyo ingetoka wapi: kwenye mapipa ya mawese ya mama yule. Wapo walioniambia nimeogopa. Waseme.

Nilikwenda Ujiji jioni, na mdogo wangu, na karatasi nilizochapisha stationery. Mama akatukaribisha mkekani, tukaamkiana, nikamwambia nimeletwa na maneno ya mwanawe. Miwani hakuwa nayo. Akamwita kijana, akampa karatasi, akasema, "Soma." Kijana akasoma maneno ya mwanzo, yale yasiyo na ubaya, akafika kwenye ubaya akanyamaza. Mama akasema tena soma. Hakusoma. Mjomba wake aliyekuwa amekaa kizingitini ndipo alipoona atoe lake: "Lakini na wewe dada, mtu mzima unatafuta nini kwenye magemu ya watoto?" Nilimwona mdogo wangu akivuta pumzi. Mama akamtangulia. "Kwani yeye ndiye aliyeitwa kusoma?"

Nilidai mambo machache. Afute pale panapofutika. Kisha aandike kwenye magrupu yale yale, kwa namba yake ile ile, kwamba alichosema ni uongo na ni yeye aliyeutunga. Msamaha wa pembeni, wa kuniandikia mimi peke yangu, sikuutaka, kwa sababu uongo haukuambiwa mimi peke yangu. Alikaa pale mkekani akaandika grupu moja baada ya jingine hadi chaji ikamwishia, mama akamletea chaja. Simu kwangu hazikukoma siku hiyo. Picha ilikuwa imeshatembea kuliko miguu ya aliyeituma, na hadi leo hupigiwa mara moja moja na mtu wa mbali aliyechelewa kupata habari. Waliosisitiza hata baada ya kuambiwa ukweli, namba zao nilizifikisha polisi na skrinshoti zangu. Laini zote sasa zimesajiliwa kwa alama za vidole, mwenye laini anatafutika, na walipojua zimefika huko walinyamaza.

Kwenye gemu kwenyewe tulibadilisha kitu kimoja ambacho naona kina thamani kuliko vitufe vyote vya ripoti. Anayetukanwa hajibu. Anajibu mwingine, tena mara moja, kwa sentensi fupi: "Huyo ni wetu, ongea gemu au nakuzima." Mimi naendelea kutaja mlima na mlango kama sijasikia. Akirudia, kila mmoja wetu anagusa jina lake na kuzima maiki yake, na tangu hapo anacheza na bubu watatu ambao wenyewe wanasikizana vizuri sana. Mechi ikiisha tunaripoti wote watatu, kwa sababu ile ile, na rekodi tunaihifadhi. Fundi alikuwa mgumu kidogo mwanzoni. Alisema kumtetea mtu mzima ni kumfanya mtoto. Mwalimu akamwuliza kama akiangushwa vitani huwa anataka ainuliwe au ajiinue. Kwenye PUBG huwezi kujiinua hivi hivi, kila mchezaji anajua, na mjadala ukaishia hapo.

Kikubwa kilikuja na mashindano. Tuna kombe dogo la vijana wa Kigoma na Tabora, linaandaliwa WhatsApp, kila skwadi inatoa kiingilio na mshindi anachukua fungu. Pesa zilikuwa zinakaa kwa admini, na kila mara kulikuwa na ugomvi wa nani kalipa. Wakaniomba nizishike mimi, wakala, mwenye daftari. Nikasema nitazishika kwa sharti: skwadi ambayo mchezaji wake anamtukana mtu kwa jinsia, kabila, uraia au mama yake, kiingilio chake hakirudi na pointi za mechi hiyo zinafutwa. Mtu akilalamika alete rekodi. Nilidhani watakataa, wakakubali haraka, kwa sababu kila mmoja alifikiri linamhusu mwenzake.

Likamhusu mlengaji bora wa kombe zima, kijana wa Tabora, mwenye AWM, bunduki ya kudungulia kwa mbali, asiyekosa. Alimwita mchezaji wa Kibondo Mrundi, na neno jingine mbele yake, mbele ya watu wote kwenye lobi, pale wanapokusanyika kabla ya mechi. Rekodi ikaletwa. Skwadi yake ikapiga kelele kwamba ni pointi zao wote, kosa ni la mmoja. Nikawaambia ndiyo maana nililiandika la skwadi nzima. Mlikuwa watatu mnamsikia, na ninyi ndio mliokuwa karibu na kitufe chake. Watu kadhaa wakatoka kwenye grupu. Mmoja akaandika kwamba nimeleta sheria za kwaya kwenye vita. Mwalimu, ambaye anaishi nao huko huko Tabora na hukutana nao barabarani, alipata lawama nyingi kuliko mimi, na hakuniambia hadi baadaye. Hilo ni moja ya mambo ambayo bado sijui kuyagawa sawasawa. Ukiuhamisha mzigo kutoka kwa anayetukanwa, hauendi wote kwa mtukanaji. Sehemu inamwangukia shahidi.

Mlengaji yule amerudi kombe lililofuata. Skwadi yake sasa ina mtu wa kumwambia "ongea gemu" kabla sijafungua daftari, na sina hakika kama amebadilika au anahesabu tu, na kwa kazi yangu ya kushika pesa tofauti hiyo hainihusu sana. Kijana wa Ujiji bado anakuja kutoa pesa. Ananiamkia, naitikia. Hatuchezi pamoja.

Wiki hii admini ameniuliza kama sharti linahusu pia voisi za WhatsApp zinazotumwa baada ya mechi, au maiki ya ndani ya gemu tu. Nimemjibu linahusu voisi, na maandishi, na stika. Kiingilio cha msimu huu tumekipandisha.